Mchicha Nilioukana

Jumamosi, Juni 2006. Mansfield.

Joto limekaa juu ya mji huu wa ugenini tangu asubuhi na halina nia ya kuondoka. Nimejifungia chumbani. Sina hata hamu ya kula.

Mimi ni karani katika jumba la kale nje ya mji, lenye bustani ya mboga na matunda iliyozungushiwa ukuta wa matofali. Mipichi imesimama safu safu, mitini imeegemea ukuta, na matuta ya mboga yamepangwa vilevile walivyoyapanga wenye nyumba wa kwanza. Watu hulipa ili wafungie harusi humo. Kazi yangu ni kupokea simu, kupanga siku za wageni, na kutomuudhi mtu.

Hiyo ya mwisho ndiyo naiweza zaidi.

Mtunza bustani wetu ni Mama Furaha, Mkongo kutoka Bukavu. Tunasali kanisa moja. Wiki hii aliambiwa apalilie kila tuta kabla ya harusi ya leo, akapalilia mpaka udongo ukawa safi kama sakafu. Ila katikati ya kabichi aliuacha mchicha uliojiotea, majani mapana, umenona. Nani kwetu hung'oa mchicha?

Leo asubuhi mama wa bibi harusi aliona magugu. Alimlalamikia bosi wangu, Linda, na Linda akaniita nitafsiri, maana Kiingereza cha Mama Furaha ni kidogo.

"Mwambie madame hii si magugu, ni lengalenga," Mama Furaha akasema huku akicheka. "Niliwaachia, arusi ipate mboga!"

Hilo nililitafsiri vizuri. Linda hakucheka. Akanigeukia: kwani hata mimi hula kitu hicho?

Karatasi zangu za kibali cha kazi zinangoja sahihi yake. Sikufikiria kitu kingine.

Nikasema hapana.

Hapana ya Kiingereza Mama Furaha anaijua. "We Mkenya wa tai!" akaniambia. "Jumapili kwangu ulimaliza sahani mbili, ukaomba na ya kubeba. Leo umekuwa mzungu?"

Linda akauliza amesema nini.

"Anaomba msamaha," nikajibu.

Nilidhani msamaha ungetuliza mambo. Kumbe Linda aliusikia kama ungamo. Basi Mama Furaha alijua ni kosa na akalifanya makusudi, Linda akasema; Jumatatu asirudi. Na hilo la Jumatatu nikalitafsiri pia, neno kwa neno, kwa ufasaha wote niliosomeshwa.

Mama Furaha alivua glavu, akaziweka ukingoni mwa tuta, akaondoka. Anaamini amefukuzwa kwa ajili ya mboga. Hajui kwamba kilichommaliza ni msamaha ambao hakuuomba.

Nina digrii, na namwogopa kila mtu mwenye kalamu.

Kesho, kabla ya ibada, nitamweleza yote. Hilo nadhani nitaliweza, kwa sababu yeye hana uwezo wa kunifukuza popote. Hata ujasiri wangu huchagua mnyonge.

Lakini Jumatatu sina budi kusimama mbele ya Linda na kumwambia kwamba yule mama hakuomba msamaha, kwamba mwongo ni mimi, na kwamba mchicha naula tangu nilipoota meno.

Sauti ya kuyasema hayo nitaitoa wapi?