Mfadhili Anakuja Kumsikia Zuhura Akiimba, na Zuhura Haimbi

Wabanguaji wangu, wekeni korosho chini kidogo! Barua ya leo nimeisoma nimesimama. Imetoka juu huko Umatumbini, njia ya Kipatimu. Haya, msikieni.

Mpendwa Dada Warda, naomba msaada haraka maana nikinyamaza nitapasuka! Mimi naitwa Anjelina, miaka ishirini na mbili, najitolea kanisani kwetu kwenye ule mpango wa wafadhili wa ng'ambo kusomesha watoto wa hapa, Wakristo kwa Waislamu, hawabagui, na kazi yangu ni kuwaandikia watoto barua kwa wafadhili wao, Kiingereza nimejifunza mwenyewe kwenye simu, sasa yupo mmoja anaitwa Zuhura, miaka kumi, anakaa na bibi yake, mpole huyo, ukimuuliza tumwandikie nini mfadhili anasema, "Mwambie nzuri tu," nikimwambia ongeza basi, anasema, "Mwambie juzi nimechimba ming'oko mingi." Dada, ming'oko! Mizizi ya porini! Nikaona aibu, mzungu si atasema tunakula mizizi, nikaandika yangu, kwamba Zuhura anaimba kwaya, Jumapili anasimama mbele, anataka kuwa rubani, kumbe yote hayo ni mimi, miaka miwili naandika, na Mama Birgita wa Ujerumani anajibu kurasa nne nne, jamani yule mama ana upendo! Sasa anakuja! Wiki mbili tu! Anataka kumsikia Zuhura akiimba, kashona na gauni la kwaya kabisa, nimefurahi kupita kiasi, na naogopa kupita kiasi, akigundua akamwacha mtoto, shule itakuwaje? Nimeanza kumfundisha wimbo, anaimba kama anasoma tangazo, bibi yake, Bi Mwanahija, akatukuta, akaniuliza, "We Anjelina, mjukuu wangu kila jioni yuko chuoni anasoma Kurani, huko kwaya kaingia lini?" Nikamwambia yote. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka, akasema, "Sasa huyo mgeni anakuja kumwona Zuhura, au anakuja kukuona wewe?" Dada Warda, nikazane kumfundisha, au niseme anaumwa koo?

Anjelina! Koo? Mtoto augue kwa ajili ya uongo wako? Hebu shika adabu!

Najua hukuwa na nia mbaya, na hizo barua zako ningezipata mimi ningejibu kurasa nane. Lakini fikiria. Miaka miwili mtu anamwandikia Zuhura, na Zuhura hajapata hata barua moja. Zote umepokea wewe, maana zilikuwa zinajibu maneno yako. Ndiyo maana bibi aliacha kucheka.

Leo hii, kabla hujala, nenda kwa msimamizi wa mpango, ukaseme mwenyewe. Utafokewa. Fokewa tu, huyeyuki. Kisha mwandikie Mama Birgita kabla hajapanda ndege, na barua ianze na jina lako wewe: ni mimi niliyeandika, mtoto hana kosa. Atakasirika? Inawezekana, siwezi kukudanganya. Ila akikasirika akiwa kwao ana siku za kupoa. Akikasirikia hapo mbele ya mtoto aliyeshavalishwa gauni, watu wamejaa, Zuhura atalibeba hilo mpaka anazeeka.

Na umwombe radhi Zuhura. Si kwa uongo tu, kwa kumwonea aibu! Mtoto wa miaka kumi anaingia porini anajua ming'oko iko wapi, wewe unaijua? Lindi mjini hapa watu wazima tunaigombania na pilipili na chumvi! Wimbo acha kabisa. Mgeni akifika, Zuhura atangulie porini na jembe kuchimba ming'oko, wewe fuata nyuma utafsiri anachosema yeye, neno kwa neno. Akisema "nzuri," na wewe sema nzuri, ufunge mdomo.

Sasa wewe unayenisoma, tuseme ndiwe Mama Birgita, begi limeshafungwa liko mlangoni, unaifungua hiyo barua ya Anjelina. Ungepanda ndege?