Neema wa Akiba

Jumatano usiku

Neema amenichekesha, ingawa alikuja analia. Huyu mdogo wangu anafundisha sekondari Sengerema, na leo amevuka ziwa pale Kigongo kuniletea habari za chuo alikoomba kusoma shahada ya pili.

"Kaka, wameniweka akiba."

"Basi umepata!" Nikampigia makofi pale pale kwenye geti la kiwanda chetu cha samaki, mikono bado inanuka sangara.

"Hujaelewa. Mpaka mtu mmoja akatae nafasi yake."

Nimeelewa sana, nikamsimulia yangu. Kiwanda cha pamba kilipouzwa tukaachishwa kazi, nilisimama akiba kwenye geti hilo hilo la kiwanda cha minofu, kila alfajiri, wafanyakazi wenye makoti meupe wakinipita. Mmoja wao alipojikata kidole, msimamizi akaita, "Wewe wa akiba, njoo!" Sijatoka mpaka leo.

"Kwa hiyo nimwombee mtu ajikate kidole?" akauliza, akicheka na machozi yake.

Naogopa kidogo. Wenzangu wengi wa akiba walichoka wakarudi makwao kabla ya kuitwa.

Mgongo unauma, ila nimepiga magoti. Nimemwombea mtu nisiyemjua apate chuo kizuri zaidi, mbali sana, na asafiri salama.