Grisi ya Bodaboda

Jumamosi usiku, baada ya kula

Yanazunguka! Nimelaza viatu vyangu vya magurudumu mezani. Nikigusa gurudumu kwa kidole, linazunguka mpaka nachoka mimi kulitazama.

Wiki nzima nimemlaani yule muuza mtumba aliyeniuzia, kumbe kosa ni langu. Beringi zilipoanza kulia baada ya mvua, nilizishindilia grisi nzito, ile ile ninayoitumia kwenye bodaboda yangu. Nikajiona fundi! Magurudumu yakawa mazito kama yamefungwa breki.

Leo nimezichomoa zote, nikaziosha kwa mafuta ya taa na kuzianika juani kwenye ungo. Mama, aliyeshuka jana kutoka Mgeta na karoti zake, akapiga kelele: "Ungo wangu wa mchele! Mtu mzima na vitu vya watoto!"

Nikamwomba radhi. Kisha kila beringi nikaitia tone la mafuta ya cherehani, na magurudumu yaliyolika upande wa ndani nikayageuza.

Kesho mchana ndizo mbio zangu za kwanza, hapa hapa Msamvu. Naogopa. Nikianguka mbele ya abiria wangu wote... Basi.

Jioni nilimkuta Mama peke yake, kiatu mapajani, anazungusha gurudumu na kucheka kimyakimya. Aliponiona akakirudisha haraka.

"Kesho tunasali misa ya kwanza," akasema kwa ukali. "Tukichelewa huko kwenye mbio zako, watu watanizibia nisione."