Nikikimbia Mimi, Mtaa Mzima Unakimbia

Mshauri wetu Bi Raihana,

Nisaidie, maana nyumbani hakuna anayenisikiliza bila kucheka, na nje hakuna anayenisalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka arobaini na sita, ni karani, tunakaa Kinanira upande wa juu karibu na vilima. Nitaeleza kwa mpangilio, kama ninavyojiandikia kila jioni, ili usidhani nimechanganyikiwa.

Mwaka jana, mwezi wa saba, waasi waliposhuka kutoka vilimani na mabomu yakaanza kuanguka kwetu, tulikimbia kama wengine wote, na mimi niliyekuwa nikishinda mbio nilipokuwa sekondari sikufika hata kwenye lami, pumzi ilikatika, miguu ikagoma, nikakaa chini, na binti yangu Chanelle, mtoto wa miaka kumi na mitatu, akarudi peke yake huku risasi zikilia, akanivuta mkono akisema, "Mama, simama, mi sikuachi," na tangu siku ile nimeapa kwamba hakuna mtoto wangu atakayerudi nyuma tena kwa ajili yangu.

Basi mwezi uliopita nilianza tena kukimbia, siporo kama zile za shuleni. Nilichagua alfajiri, mara tu amri ya kutotoka usiku inapokwisha, kabla ya kwenda kazini, na kusema kweli nilichagua giza kwa sababu ya aibu, mama mzima mwenye mapaja kama haya ndani ya suruali ya mwanangu Armel, na unajua baridi ya alfajiri za kiangazi hiki, upepo unashuka na vumbi lake kutoka milimani, umeme nao umekatika, huwezi kutambua sura ya mtu. Mwanzoni nilizunguka uani tu. Jumatatu moja nikatoka njiani.

Jirani yetu Zubeda, anayeuza mandazi, alikuwa nje anawasha mbabula yake ya makaa. Aliona mtu anateremka mbio kutoka upande wa vilima, akaita, "Ni nani? Kuna nini?" nami sikuwa na pumzi ya kujibu, nikampungia mkono kumsalimu, na yeye akaelewa ninamwambia akimbie. Akapiga kelele, "Wamekuja!" Milango ikafunguka, watu wakatoka na magodoro kichwani na watoto mgongoni, wote wakateremka nyuma yangu, na mimi niliposikia kishindo kile nikajua kweli tumeshambuliwa, nikaongeza mbio, nao waliponiona nimeongeza wakaongeza. Hivyo hivyo mpaka mtaa wa chini, Kinindo, kwenye kizuizi cha askari. Wakatuelekezea bunduki. "Munakimbia nini?" Hakuna aliyejua. Huyu akamwonyesha aliyekuwa mbele yake, na yule akamwonyesha wa mbele yake, mpaka vidole vyote vikaishia kwangu. Mume wangu Térence alikuwa miongoni mwa waliokimbia, redio kwapani. Nikasema, "Nafanya siporo."

Zubeda alianguka kwenye mtaro, akavunjika mkono. Sasa ana plasta na hawezi kukanda unga. Nilimpelekea sukari kwa mkono wa Chanelle, akairudisha na maneno juu yake: "Mwambie mama yako, mi vita yote hii nimepona, nikuje kuvunjwa na siporo?" Amissi, mkuu wetu wa nyumba kumi, alinisimamisha mbele ya watu akasema, "Mama Armel, kama unataka kukimbia, ngoja siku tunakimbia wote," watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Térence naye kasema, "Apana, imetosha. Mutu wa miaka yako anatafuta nini njiani na giza?" Mwenzangu wa kazini, Béatrice, ameniambia kuna kikundi cha siporo kinachokimbia Jumamosi kutoka Kinindo, lakini ni vijana wembamba wenye viatu vizuri, nikajiona nitachekwa mara ya pili.

Bi Raihana, sitaki kuacha, miguu imeanza kunitii. Lakini sitaki tena kumtoa mtu kitandani kwa hofu. Nifanyeje?

Mama Armel, Kinanira

*

Mama Armel,

Pole. Nimecheka, nisamehe. Nilipofika penye bunduki za askari kicheko kikakatika. Angeshtuka askari mmoja tu, leo ningekuwa nasoma barua ya mtu mwingine kuhusu wewe.

Usiache kukimbia. Sababu yako ni nzito, na mume wako anastahili kuisikia. Amekuuliza unatafuta nini njiani, nami katika barua yako yote sijaona mahali ulipomjibu. Mkalishe chini, mwambie habari ya Chanelle kama ulivyoniambia mimi.

Sasa nikugombeze. Katika mji huu, miaka hii, mtu anayekimbia peke yake bila kusema kitu anajua jambo ambalo wengine bado hawajalijua. Zubeda hakukosea hata kidogo. Ningekuwa mimi, ningemtangulia. Wewe mkaaji wa Kinanira ulilijua hilo, ila uliogopa macho ya watu kuliko ulivyoifikiria hofu yao. Mapaja yako hayajamkimbiza mtu, mama. Watu walikimbia kwa sababu hawakuyaona.

Halafu hiyo sukari! Una miguu ya kukufikisha Kinindo, halafu unakosa miguu ya kuvuka ua? Kesho alfajiri nenda mwenyewe. Usianze na maelezo. Nawa mikono, uliza unga uko wapi, kanda. Atakutukana; wewe kanda. Keshokutwa rudi, na siku inayofuata rudi, mpaka plasta itoke. Saa uliyokuwa ukijificha gizani sasa ni ya Zubeda.

Mbio zako zihamie Jumamosi, jua likiwa limetoka, pamoja na kikundi hicho cha Kinindo. Nawajua, wana filimbi na nyimbo, na mtaa unawasikia kabla ya kuwaona, kwa hiyo aliye na chungu motoni anaendelea kupika. Kama wataringia viatu vyao, waache waringe. Amissi anapenda utani, basi mpe kazi: apite nyumba kwa nyumba awaambie watu kwamba Jumamosi Mama Armel atapita na wenzake, na hakuna kilichotokea. Vaa sweta mpaka upate joto. Mrudishie Armel suruali yake, ujinunulie yako inayokutosha. Kaa mstari wa nyuma, na penye mlima tembea bila kuona haya.

Na uimbe. Hata kama sauti ni mbaya, imba, maana anayeweza kuimba bado ana pumzi. Pumzi ikianza kukatika, punguza mwendo. Wimbo usiupunguze.

Bi Raihana