Kitunguu cha Nyuma ya Jiko

Kalemie, mwisho wa kiangazi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, kabla sijasalimu jirani yeyote leo. Magoti yanaendeleaje? Dada Mwamini aliniambia kwamba siku hizi unafika kanisani bila fimbo, nikacheka, kwa maana najua fimbo unaificha tu watu wasikuite kikongwe. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii mpaka nipaze sauti, na jambo hili siwezi kulipigia kelele majirani wa kartie nzima wakisikiliza. Dada atakusomea. Mwambie asome yote, asiruke hata mstari.

Unakumbuka nilipopanga vyumba viwili katika nyumba hii hii tuliyokaa Baba alipokuwa akifanya kazi bandarini, uliniomba jambo moja tu: nitafute pa Kasongo, mtoto wako wa kwanza, kaka yangu aliyeishi siku tisa. Ulisema mlimzika nyuma ya jiko bila msalaba, kama mlivyofanya zamani kwa mtoto ambaye hajaota jino, mkapanda juu yake kitunguu cha porini. Nitaona majani mapana na maua meupe, ulisema. Na mwenye nyumba, Papa Leonari, anataka kuchimba choo huko nyuma. Si mtu mbaya. Nilipomweleza alivua kofia, akasema nimwonyeshe mahali penyewe, naye atachimba kando.

Lakini Mama, ungeiona parsele yenyewe, kiwanja hiki cha nyuma! Matete yalikuwa yamenipita kimo, na chini yake magugu ya ndago tupu. Niliingia na jembe kwa hasira, nikafyeka na kulima siku tatu, nikajisifu. Wiki mbili hazikuisha, ndago ikarudi nyingi kuliko ile ya kwanza. Jirani yangu Mama Sifa, Mubembe wa kule Fizi anayekausha samaki, alinicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba ndago ina vitu kama shanga ardhini, vimeshikana kama rozari, na kila unapoikata kwa jembe unakuwa umeipanda upya. Nichimbe mpaka usawa wa magoti, nitoe kila kilichoko, nianike juani kife.

Basi nikachimba. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, kona hadi kona, mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Nilikuwa naangalia majani mapana, sikuona hata moja, nikadhani sijafika bado. Nilitoa pia vitu vya mviringo, vikubwa kama ngumi, kumi hivi, kimoja huku na kingine kule, nikavitupa kwenye rundo pamoja na ndago. Nilifikiri ni mizizi ya gugu jingine. Tena nilifurahi kuvipata, maana vilitoka vizima bila kukatika.

Mama Sifa ndiye aliyeviona. Alikuja kuomba moto, akaokota kimoja, akakipangusa kwa kitenge chake, na kicheko kikamwisha.

"Dada Feza, iki umekitosha wapi?"

Nikamwambia nimekitoa huku nyuma tu, sikumbuki wapi.

"Kwetu banapandaka iki pa malaika. Ku kiangazi majani inakufa, kinabakia chini. Mvua njo inakiamusha."

Mama, nilikaa kwenye udongo nikalia. Wewe ulimzika wakati wa mvua, ukaniambia ulichokiona kwa macho yako. Mimi nimekuja wakati wa kiangazi, na mimi binti wa wakulima sikujiuliza. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu amezaliwa na meno. Nimeupekua udongo wote kwa vidole, sikukuta kitu kingine, hilo nakuapia. Nilitaka kupima kutoka jikoni, lakini jiko la zamani lilibomolewa, hata msingi wake haupo. Vitunguu navyo vilikuwa vimezaana miaka yote hiyo, vikatembea parsele nzima, hata kama ningekumbuka kila shimo nisingejua kipi ni mama yao.

Papa Leonari alikuja juzi na kamba yake ya kupimia. Akauliza mahali penyewe, "Mama, njo wapi?"

"Njo pote, Papa," nikamjibu.

Hakunicheka. Alitembea mpaka ukutani akarudi. Akasema shimo la zamani limejaa, wapangaji ni familia tatu, mvua iko karibu, na hawezi kuchimba choo barabarani. Kisha akanihurumia, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

"Chagula weye. Penye utasema, sitapagusa, na batoto bangu habatapagusa."

Mama, nilichagua. Nilitembea, nikasimama karibu na ukuta wa upande wa ziwa, nikasema ni hapa. Si kwamba najua. Miguu ilichoka tu. Vitunguu vyote kumi nimevipanda pale, nimevizungushia mawe, na Mama Sifa amenisaidia kuomba. Leo tangu asubuhi wanachimba upande wa pili. Nimewasihi waende polepole, nao wanakwenda polepole, na kila koleo la udongo linalotoka naliangalia kabla hawajalimwaga. Sina lingine la kufanya.

Nisalimie Dada Mwamini, na asilie anapokusomea. Nisalimie shemeji, mumewe, pamoja na Baba Mdogo wa ng'ambo ya daraja, na shangazi anayekuletea kuni. Baba Mdogo usimwambie ukweli huu. Yeye na wengine waambie pa Kasongo pamepatikana.

Mvua ikija, maua meupe yatatoka pale ukutani, na kila atakayepita atajua kwamba pamelala mtoto. Utakapokuja nitakupeleka, utapiga magoti na kuzungumza naye. Nilifikiri nikufiche haya. Lakini nikaona nitasimama nyuma yako nikikusikiliza unamwita, nami nikijua huenda yuko chini ya miguu yangu.

Unisamehe, Mama.

Mimi Feza, uliyemzaa baada yake