Neno "Wa" Katika Filamu ya Aliyerudi na Fimbo

CHAMA CHA WASOMAJI, USHIROMBO
Kumbukumbu za kikao cha Jumamosi, 14 Juni 2025, chumba cha maktaba ya parokia, saa 9:20 alasiri

Waliohudhuria:
Ndg. Donatus Telesphori – Mwenyekiti
Ndg. Ignas Marselino – Katibu
Bi. Coletha Bujiku (Mama Festo) – Mjumbe
Ndg. Edson Nasibu – Mjumbe

Hakuhudhuria:
Bi. Lusia Mageni – kwa taarifa, yuko msibani Ushetu

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala fupi na kuwaomba wajumbe wasirudie ya mwezi uliopita. Hakuna aliyeuliza ni yapi.

KUMB. NA. 2/6/2025: FILAMU
Mwenyekiti alieleza kwamba riwaya ya Aliyerudi na Fimbo, ambayo wajumbe wote waliisoma shuleni, inatengenezwa filamu, na kwamba picha zitaanza kupigwa Jumatatu. Alimpongeza Mama Festo kwa kuchaguliwa kuigiza bibi kipofu wa sura ya mwisho. Ndg. Edson alisema, "Ukishakuwa nyota usije ukatuitikia kwa nyusi." Mama Festo alijibu kwamba nyusi zake anawatunzia watu wenye akili.

KUMB. NA. 3/6/2025: NENO LILILOFUTWA
Mama Festo alisoma karatasi ya maneno aliyopewa. Kitabuni, mwanamume anarudi kijijini baada ya miaka thelathini. Bibi anamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Anataja jina la baba yake, na bibi anamshika mkono. Kwenye karatasi imeandikwa, "Wewe ni nani?" Ilionekana mchapaji alidhani "wa" ni kosa, akaifuta.

Mwenyekiti alishauri yaachwe. Alisema chama kimeahidiwa filamu ionyeshwe kwanza Ushirombo, na neno la herufi mbili lisiharibu. Ndg. Edson aliongeza kwamba mabibi wa kuigiza nafasi hiyo Dar es Salaam hawajaisha.

Mama Festo alikiri kwamba anaogopa kuipoteza nafasi hiyo, kwani tangu darasa la saba anaijua sura ile bila kushika kitabu. "Lakini kwetu tunauliza ng'wa nani, yaani wa nani. Ukimwambia mtu 'wewe nani', umemfukuza."

Katibu, ambaye kijiji chake kilihamishwa kupisha mgodi miaka ishirini na sita iliyopita, alisema kwamba tangu wakati huo ameulizwa kitambulisho mara nyingi. Kuulizwa ni wa nani, hakumbuki. Mwenyekiti alimkumbusha Katibu kwamba kazi yake ni kuandika. Imeandikwa.

KUMB. NA. 4/6/2025: SIMU
Iliamuliwa mwongozaji wa filamu, Bi. Hosiana, apigiwe simu, sauti ikiwa wazi. Bi. Hosiana alisema ratiba imebana, na kwamba mwigizaji asiyeridhika na maneno, yapo majina mengine.

Mama Festo hakubishana. Aliuliza taratibu, kwa sauti ya bibi, "Wewe ni wa nani?"

Mwenyekiti alidhani mtandao umekatika.

"Wa William," Bi. Hosiana alisema. "Fundi William, wa Ibadakuli. Alishafariki." Kisha akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wa huku huku kwetu."

Bi. Hosiana alisema, "Jumatatu uiseme hivyo hivyo."

KUMB. NA. 5/6/2025: KUFUNGA
Mengineyo hayakujadiliwa. Kikao kilifungwa saa 10:35 jioni. Wajumbe waliendelea kukaa.

D. Telesphori, Mwenyekiti ……………
I. Marselino, Katibu ……………