Mwende, M.

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, na roho yangu iko chini.

Tasnifu yangu ya chuo inafaa kupelekwa River Road kesho ikajalidiwe. Inahusu nyimbo ambazo wafanyakazi wa nyumbani huwabembelezea watoto wa matajiri. Sura ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipenda, yote ni nyimbo za Kikamba alizoniimbia Mama Mwende, aliyekuwa jirani yetu hapa mtaani Jamhuri, Nairobi, akifanya kazi kwa tajiri mmoja wa Lavington.

Leo msimamizi wangu amenirudishia orodha ya marejeleo, kidole chake kikiwa kwenye mstari mmoja.

"Huyu 'Mwende, M.' ni nani? Hiyo M ni ya nini?"

"Ni ya Mama, sir."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema nilete jina kamili kesho, la sivyo sura nzima itoke.

Sina.

Mama Mwende alirudi kwao Kitui mwezi uliopita, na kila nikipiga simu ni "mteja hapatikani". Nikajifanya namtumia pesa kwa simu ili jina litokee. Likatokea la mwanamume. Laini si yake. Nikamuuliza mama yangu, aliyekunywa naye chai miaka yote hiyo. Alikunja uso akafikiri, kisha akasema, "Si ni Mama Mwende tu?"

Nikatembea hadi Lavington. Tajiri wake wa zamani alikuja langoni na mwavuli, mpole kabisa. "Sisi tulikuwa tunamuita tu Auntie. Ebu ngoja... hapana, kwa kweli sijui."

Jioni hii nimesikiliza rekodi upya, nikiomba ajitaje mahali. Sauti ya kwanza ni yangu: "Niko na Mama Mwende." Nimeona aibu. Nilihesabu beti zake zote, nikabishana na wenzangu kuhusu nukta na koma za marejeleo, na jina sikuuliza.

Mwishoni kuna kipande ambacho sikuwahi kukisikiliza, kwa kuwa nyimbo zilikuwa zimeisha. Ananiuliza, "Na wewe, majina yako yote ni gani? Nataka nikuweke kwa maombi." Namtajia. Anayarudia polepole, moja moja, asikosee.

Kisha nasikika nikisema asante, nikizima.

Kesho sura ya tatu inatoka. Majina yangu yatabaki kwenye jalada, yote matatu.